Chuo kinatuzungusha siku 11 usajili haukamiliki, halafu kinatupiga faini ya kuchelewa kujisajili

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko mwaka wa kwanza, shahada ya uhasibu, kwenye chuo kimoja cha biashara hapa Dar. Jina la chuo sitaji. Leo Alhamisi ni siku ya 11 tangu niripoti na bado mimi si mwanafunzi. Ada niliyotakiwa kulipa nimelipa, darasani naingia, testi ya kwanza nimeshatangaziwa, ila kwenye mfumo wao sipo. Na jioni hii nimefungua akaunti yangu ya chuo nikakuta nadaiwa shilingi 50,000: "faini ya kuchelewa kujisajili".

Nimelia. Sasa nimemaliza kulia, naandika.

Nimetoka Songea. Baba ni mkulima wa mahindi, hana kazi nyingine. Fomu ya kujiunga tuliisoma wote wawili mezani, mstari kwa mstari, yeye na miwani yake na mimi na kalamu. Imeandikwa wazi kabisa: mwanafunzi mwenye mkopo atalipa sehemu ya ada isiyofunikwa na mkopo, kwa awamu mbili. Ada yetu ni 1,500,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo imenipa 900,000 upande wa ada. Inabaki 600,000, nusu yake 300,000. Baba akauza magunia akaweka 300,000, akaweka na ile michango mingine (kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi), akaweka na kodi ya chumba. Kila kitu kililipwa benki kwa namba ya malipo kabla sijapanda basi. Nimeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Jumamosi nikiwa na risiti zote kwenye bahasha. Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi niko getini.

Sasa sikilizeni mchezo wenyewe.

Dirisha la uhasibu wananiambia: "Mfumo unaonyesha hujafikisha nusu ya ada, unatakiwa 750,000." Nikamwonyesha fomu yao wenyewe. Akasema mkopo wako haujaingizwa kwenye mfumo, nenda kwa afisa mikopo. Nikaenda, foleni nyingine, nusu siku. Afisa mikopo ananiambia: "Mimi jina lako naliona ukishasajiliwa. Nenda kasajiliwe kwanza." Nikarudi kwa msajili. Msajili: "Sisajili mtu ambaye uhasibu hawajampitisha."

Yaani nisajiliwe ili mkopo uonekane, mkopo uonekane ili nipitishwe, nipitishwe ili nisajiliwe. Ofisi hizo tatu ziko korido moja! Kati ya mlango wa kwanza na wa mwisho hazifiki hatua 40, nimezihesabu, maana nimezipita mara nyingi kuliko mtu yeyote. Hakuna hata mmoja wao aliyenyanyuka kwenda kumuuliza mwenzake.

Bodi sina ugomvi nayo. Majina waliyatoa, langu likiwemo awamu ya kwanza. Pesa haiwezi kutoka mpaka chuo kithibitishe kwamba huyu mtu yupo na amesajiliwa, na hilo ni sawa, vinginevyo hela ya umma ingelipwa kwa watu hewa. Kwa hiyo chuo ndicho kimeshika ufunguo. Kisiposajili, ada yangu iliyobaki haiingii, na bumu haliji. Mnajua bumu ni nini kwa mtoto wa mkulima: shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, ndiyo maisha yenyewe. Kwa sasa naishi kwa ile akiba aliyonipa mama imefungwa kwenye kitambaa. Asubuhi chai na chapati moja, mchana wali maharage 2,000 kwa mama lishe wa nje ya geti, usiku nalala hivyo hivyo.

Jumanne ya kwanza ndiyo siku ambayo sitaisahau. Kwa kuwa hakukuwa na utaratibu, wanafunzi wenyewe tukaamua kuandikana namba mkononi kwa kalamu. Mimi nilikuwa 187. Jua lile la Dar mnalijua, jasho linakutoka hata ukisimama kivulini, ikabidi kila baada ya muda nipitishe tena kalamu juu ya namba isifutike. Saa 10 jioni dirisha likafungwa wakiwa wamefika 142. Hakuna aliyetoka kutuambia lolote, mlinzi ndiye aliyetuambia tutawanyike. Kesho yake nimefika alfajiri na namba yangu mkononi, sijaioga makusudi, naambiwa namba za jana hazitambuliki, pangeni upya.

Mbele yangu siku hiyo ya pili kulikuwa na mzee mmoja aliyemsindikiza kijana wake kutoka Newala. Mzee wa makamo ya babu yangu, kanzu safi, karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni. Alipofika dirishani, kijana wa mle ndani, ambaye kwa umri ni mjukuu wake kabisa, hakumpa hata shikamoo. Akamwambia, "Mzee, mwanao ni mtu mzima, kasubiri nje." Yule mzee akasema "Sawa, mwanangu," akaenda kukaa kwenye ukingo wa maua. Amekaa pale mpaka jioni. Mimi ada wanaweza kunizungusha, lakini mzee kama yule hakustahili kuongeleshwa vile, tena mbele ya mtoto wake.

Halafu kuna mambo ya afya. Fomu ya uchunguzi nilijaziwa na daktari wa hospitali ya serikali nyumbani, mhuri upo, tarehe ipo. Nimefika hapa naambiwa haifai, nikapime upya kwenye zahanati ya chuo kwa 20,000. Kama haifai, kwa nini kwenye tovuti yenu imeandikwa ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali? Mwenzangu ninayeishi naye, baba yake mwalimu, kadi ya bima anayo na inafanya kazi. Kaambiwa alipe 50,400 ya bima kama wengine, "halafu utadai urudishiwe". Adai wapi? Dirisha gani tena?

Sasa nije kwenye masomo, maana ndicho kinachoniuma kuliko hela.

Vipindi vimeanza tangu Jumatatu ya kwanza. Sawa, ratiba ni ratiba. Lakini karatasi ya mahudhurio inataka namba ya usajili. Huna namba, husaini. Nimekaa kwenye vipindi vyote, vingine nimesimama dirishani kwa nje naandika nikiegemeza daftari ukutani kwa sababu ukumbi umejaa mpaka ngazi, na kwa karatasi zao mimi sijahudhuria hata kimoja. Na kanuni ni kwamba usipofikisha asilimia 75 ya mahudhurio, mtihani wa mwisho hufanyi. Kundi la WhatsApp la darasa nalo, CR (mwakilishi wa darasa) ameagizwa aingize wenye namba za usajili tu. Ukumbi unabadilishwa saa 12:40 kwa kipindi cha saa 1 asubuhi, tangazo linawekwa kwenye kundi ambalo simo. Mimi natoka Mbagala, daladala mbili. Alhamisi iliyopita nimeingia ukumbi mtupu, nikazunguka majengo yote nikichungulia milango kama mwizi. Nilipolipata darasa, lilibaki robo saa.

Kazi ya kikundi imeshatoka pia, alama 10 za kozi waki. Vikundi vimepangwa kwa namba za usajili. Tuliobaki, ambao tumejihesabu tukakuta tunazidi 60, hatuna kikundi.

Jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. Kidato cha tano na sita nilisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Chuo kilinipokea kwa sifa hizo, kwa maandishi. Kipindi cha kwanza cha uhasibu mwalimu ameingia, kachora herufi T kubwa ubaoni, kaanza kuingiza tarakimu kushoto na kulia, dakika 10 yuko kwenye urari. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono akauliza debiti ni nini. Akajibiwa: "Haya mmeyasoma ECA, siwezi kuanza na a, e, i, o, u." ECA ni mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu. Ukumbi ukacheka. Wapo mle waliosoma HGE, HGL, wengine sayansi, na wote mmetupokea nyinyi. Kama uhasibu ni wa waliosoma ECA peke yao, andikeni hivyo kwenye sifa za kujiunga, tusiwapelekee hela za wazazi.

Aliyenifundisha ni binti mmoja wa ECA kutoka Moshi. Dakika 20 tu, chini ya ngazi. Kaniambia: chukulia mama yako ana genge. Kanunua tenga la nyanya kwa taslimu 40,000. Andika mara mbili. Akaunti ya manunuzi upande wa kushoto 40,000, kwa kuwa nyanya zimeingia. Akaunti ya fedha upande wa kulia 40,000, kwa kuwa hela imetoka. Kila kitu kinaandikwa sehemu mbili, ndiyo maana mwisho lazima pande zilingane. Basi! Nilielewa pale pale, na mama yangu kweli anauza nyanya. Kitu cha dakika 20 kingewekwa wiki ya kwanza kwa wote ambao hawakusoma ECA, wala pasingekuwa na mtu wa kuchekwa. Wiki hiyo badala yake tumeitumia kwenye korido.

Na chuo hiki kinafundisha uongozi wa biashara! Kuna somo zima la kuhudumia wateja kwenye ratiba yetu ya muhula huu.

Ninachotaka si kikubwa. Kila mmoja wetu ana namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo tuliyoombea chuo, ndiyo tuliyoombea mkopo, Bodi inatutambua kwa hiyo. Karatasi ya mahudhurio ipokee namba hiyo mpaka usajili uishe, na vikundi vipangwe kwa hiyo. Orodha ya Bodi ya wenye mkopo chuo kinayo, iwekwe pale dirisha la uhasibu hata kwa karatasi, wapige mstari kwa rula. Na faini ifutwe kwa kila mwenye risiti ya benki ya kabla ya tarehe ya mwisho. Risiti zina tarehe, haziwezi kusema uongo.

Najua watakuja wa kusema "hata sisi tulipitia hayo, kaza". Kaka zangu na dada zangu, kwamba na nyinyi mlionewa haifanyi hili kuwa halali. Mngesema wakati ule, huenda mimi nisingekuwa nasema leo.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Nimesoma majibu. Anayeuliza kwa nini sikulipa tu hiyo 450,000 iliyobaki ili nipitishwe halafu nirudishiwe: sina. Baba hana. Mahindi yaliyobaki ndani ni ya kula na ya mbegu. Jana kanipigia kuuliza kama nimeshaanza kusoma, nikamwamkia, nikamwambia naendelea vizuri baba. Sijawahi kumdanganya kabla ya jana.

Anayesema niende serikali ya wanafunzi, nimekwenda mara mbili. Ofisi ina kufuli.

Sasa naombeni msaada kwa aliyewahi kufutiwa faini ya namna hii, chuo chochote. Barua uliiandika kwa nani, msajili au naibu mkuu wa chuo upande wa taaluma? Uliambatanisha nini zaidi ya risiti? Tuko zaidi ya 60 na tumekubaliana kusaini barua moja. Steshenari ya pale getini inafungua saa 12 asubuhi, nataka nikifika niwe nayo tayari kwenye simu nichapishe, niwe dirishani kabla ya namba 1 haijaandikwa mkononi mwa mtu.