Majengo ya vioo Mombasa: kaunti iyakataze ama tunalaumu kioo bure?

MtotoWaKuze: Jamani hili linanikera. Nakaa fleti huku Nyali orofa ya 4, dirisha la sebule ni kioo chini mpaka juu na limetazama magharibi, ikifika saa 10 jioni taili huwezi kukanyaga, nalo ni la kusukuma linafunguka nusu tu, basi AC inanguruma mpaka usiku tokeni za umeme zinayeyuka. Nikienda kwa nyanya Mji wa Kale, ukuta wa mawe na chokaa unakaribia nusu mita, madirisha ya luva za mbao, msimu wa upepo wa kusi unakaa saa 8 mchana hata feni hukumbuki. Siku hizi jengo likibandikwa sola juu ya paa linaitwa la kijani, eti rafiki wa mazingira, na ndani watu wanaokwa! Kaunti isipitishe ramani ya kioo kitupu, basi.

Fundi Likoni: Dada nakuelewa ila mimi ndio kazi yangu hii. Nyumba ya nyanya ako imeezekwa kwa boriti za mikoko, ndio maana vyumba vyembamba, boriti haivuki sana mita 3. Leo kila mtu akitaka boriti mikoko ya Tudor itabaki matope. Ukikimbilia simenti nayo, duniani inatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa. Halafu hapa jua linachoma mashariki na magharibi, nyumba inafaa itazame kaskazini na kusini, sasa ploti ni futi 50 kwa 100, jirani kajenga mpaka mpakani, barabara iko magharibi, utaigeuza vipi? Na umeme wa Kenya mwingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo hata AC si mbaya vile watu wanadhani, ubaya mkubwa uko kwa chuma na simenti tuliyomwaga.

MtotoWaKuze: Boriti sawa kaka, hapo umenishinda. Lakini kivuli hakitaki mikoko! Veranda ya mita moja na nusu na matofali ya matundu kwa ngazi ni pesa ngapi? Shida anayejenga si yeye anayenunua tokeni, ananunua mpangaji. Mimi nimetundika jamvi nje ya kile kioo, sebule ikakalika, juzi mwenye nyumba kaniambia nilitoe linaharibu sura ya jengo.