Kosa ni la mfumo, lakini anayefukuzwa dirishani ni mwananchi

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira. Leo jioni mama mmoja wa makamo, muuzaji wa mahamri na mbaazi kutoka Likoni, ameingia katika saiba yangu (duka la kukodisha kompyuta na intaneti) hapa Mwembe Tayari, Mombasa, akiwa amefukuzwa kwenye ofisi moja ya huduma hapa mjini kwa sababu miadi yake imeshapita. Miadi hiyo aliichukua wiki iliyopita kwenye mfumo wa mtandaoni wa ofisi hiyo kwa simu ya mjukuu wake, akalipa ada, akapata ujumbe wa kuthibitisha. Asubuhi hawezi kutoka, kwa kuwa ndio wakati wa biashara yake, hivyo mfumo ulipomtaka achague wakati alichagua saa 9:00, akavuka feri, akafika saa tisa kasorobo alasiri. Dirishani akaambiwa kwamba alitakiwa afike saa tatu asubuhi, na kwamba ada aliyolipa haihamishwi.

“Mwanangu, wananiambia sikusoma,” alisema. “Nimesoma.”

Ni kweli alisoma, na alisoma kama anavyosoma Mswahili yeyote. Ukurasa ule una Kiswahili, na juu ya orodha pameandikwa “Chagua saa”. Lakini aliyetafsiri aligeuza maneno na kuziacha tarakimu zihesabiwe kuanzia usiku wa manane, wakati sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa 9:00 kwa mama huyu ni alasiri, na kwa mfumo ni asubuhi. Kinachotofautisha nyakati hizo mbili ni herufi AM, alama ya Kiingereza ya saa za kabla ya adhuhuri, zilizoandikwa ndogo kwa rangi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambazo mimi mwenye macho mazima huzisoma kwa kuusogelea uso wa kompyuta. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, yaani wa kuzifanya zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, WCAG, tangu toleo lake la 2.0 la mwaka 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hata hivyo, kukoleza herufi hizo kusingetosha. Palitakiwa paandikwe “saa tatu asubuhi”, kwa maneno, na mama huyu asingepoteza nauli, ada wala mauzo ya siku.

Jambo la pili ni la majina. Katika fomu hiyo hiyo, mtu anayeitwa Mwang'ombe hawezi kuandika jina lake, kwa sababu mfumo hauipokei ritifaa, yaani alama ile ya ' katika ng', na humjibu kwa maandishi mekundu, ya Kiingereza, kwamba ameingiza herufi isiyo halali. Akiiondoa, jina huwa Mwangombe, ambalo si jina lake wala halitamkwi hivyo, maana ng' na ng ni sauti mbili tofauti. Kisha akifika dirishani huambiwa kwamba jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye kitambulisho. Nchi hii ina akina Mwang'ombe na akina Ng'ang'a wengi mno, kiasi kwamba siwezi kukubali kuwa aliyeijenga fomu hii hakuwahi kulisikia hata jina moja la aina hiyo. Alilisikia, lakini fomu yake hakuijaribu kwa jina hilo.

Tena mfumo hujifunga bila onyo mtu akikawia kuandika, na yote aliyojaza hufutika. Mwongozo huo huo wa WCAG unasema kwamba pale penye kikomo cha muda, mtumiaji aweze kukizima au kukirekebisha, au aonywe kabla hakijafika na apewe angalau sekunde 20 za kuomba muda zaidi kwa kitendo chepesi. Wateja wangu hulipa kwa dakika. Mzee anayetafuta herufi moja moja kwenye kibodi hulipia ukurasa ule ule mara tatu, na fedha hiyo inaingia mfukoni mwangu. Siitaki riziki ya namna hiyo.

Kinachoniudhi kuliko yote ni jibu ninalopewa kila ninapolalamika: kwamba watu wetu hawajui kompyuta. Mama huyu hutuma na kupokea pesa kwa M-Pesa kila siku, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007, na kabla pesa hazijaondoka huonyeshwa jina la mpokeaji ili akiona amekosea namba asitishe. Pale akikosea ana nafasi ya kurekebisha, na hapa hana. Donald Norman, mtaalamu wa usanifu wa vitu vya matumizi, alikwisha kueleza mwaka 1988 kwamba mengi tunayoyaita makosa ya mtumiaji ni makosa ya usanifu. Elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta ipo miaka mingi, inafundishwa vyuoni, na kiini chake ni kazi nyepesi: mketishe mtu mbele ya skrini, mpe shughuli halisi, nyamaza, umtazame anakwama wapi. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika kwamba kuwajaribisha watu 5 tu huibua takriban asilimia 85 ya kasoro za kiolesura, yaani kurasa na vitufe anavyotumia mtu. Wapo wanaoipinga hesabu hiyo, nao husema wanahitajika watu wengi zaidi. Kwa mfumo wetu, Mswahili mmoja aliyeulizwa “utafika saa ngapi?” angetosha kulifichua tatizo la saa kabla ya siku ya kwanza ya huduma.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haiwezi kuwa maneno yaliyobandikwa juu ya vitufe huku hesabu ya saa, majina na ujumbe wa makosa vikibaki vya watu wengine.

Ninaandaa barua kwa ofisi hiyo. Ninataka wamrudishie mama huyu ada yake, waandike saa kwa maneno, waipokee ritifaa, na kabla ya kubadilisha chochote kingine waje waketi hapa saiba asubuhi moja wawatazame watu wanavyohangaika. Waliokwama katika mfumo huo tafadhali waandike hapa chini ni ukurasa gani, waliandika nini na waliona ujumbe gani. Wasiweke namba ya kitambulisho wala ya simu. Nitaipeleka barua kwa mkono siku ya Alhamisi, siku ambayo mama ana miadi mpya aliyoilipia tena: saa tisa alasiri, ambayo kwenye skrini yao inasomeka 3:00 PM.