Tulisaini mahudhurio, yakageuzwa kuwa ridhaa ya mradi ambao hatukuuomba

Wakuu, uzi ni mrefu, nivumilieni. Nimejizuia wiki nzima nikisubiri hasira ipungue kwanza. Haijapungua, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Mtaani kwetu kuna kalavati, pale njia ya kwenda shuleni inapokatisha mtaro mkubwa. Bomba lake ni la sentimita 60. Lilipowekwa, nyumba za huko juu zilikuwa chache na ardhi ilikuwa inakunywa maji. Leo kote kumejengwa, ni mapaa na zege tu, na mvua ikinyesha maji yote yanatushukia kwa mkupuo. Bomba linazidiwa, maji yanapanda barabarani, watoto wanavuka bila kuona ukingo wa mtaro uko wapi. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili alisombwa. Kijana mmoja aliyekuwa amejikinga mvua barazani aliruka akamdaka shati. Mpaka leo mvua ikinyesha alfajiri mama yake hamruhusu kutoka, na mtoto anakosa masomo.

Diwani wetu tumemweleza mara nne, tarehe zote ninazo kwenye daftari. Mara ya kwanza kwenye kikao cha wakazi. Mara ya pili tulimwomba aje aone mwenyewe, akaja, akasimama kwenye tope, akapiga picha. Mara ya tatu tulimfuata ofisini watu sita, akatuambia, "Hili nimelichukua, niachieni mimi." Mara ya nne kikao kingine cha wakazi, kimeitishwa mahususi kwa ajili ya kalavati hilo.

Na kikao hicho cha nne hatukwenda kulia tu. Tunaye mzee aliyefanya kazi za ujenzi wa barabara mpaka akastaafu. Alipima mwenyewe, akachora, akasimama akaeleza kwamba bomba la sentimita 90 lina mdomo wenye eneo zaidi ya mara mbili ya hili lililopo, na kwamba lazima mtaro wa upande wa chini uchimbwe pia, la sivyo maji yatarudi. Vijana walijiandikisha kuchimba. Kina mama walisema watasomba mawe ya kujengea kingo. Tulichoomba halmashauri itupe ni bomba, saruji na mhandisi wa kusimamia, basi. Diwani alipiga makofi. Tukapitisha karatasi ya mahudhurio, tukasaini, tukarudi nyumbani tumefurahi.

Miezi michache baadaye likasimikwa bango la mradi. Pevingi na viti vya kupumzikia, mbele ya ofisi ya kata.

Nilikwenda kuuliza nani aliomba viti. Karani, ambaye simlaumu hata kidogo, alinifungulia jalada. Ndani kuna muhtasari wa kikao unaosema wakazi "waliridhia kwa kauli moja" mradi wa kuboresha mandhari ya ofisi. Nyuma yake imebanwa orodha ya majina 73 kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Jina langu ni la 31. Sahihi ni yangu. Naikumbuka kwa sababu kalamu ilikuwa haitoi wino, nikaikandamiza nikarudia juu yake, na ule mkwaruzo upo pale pale. Ni karatasi ya kikao cha kalavati!

Nikasoma muhtasari wote nikitafuta neno kalavati. Halimo. Neno mtaro limo mara moja, mwishoni kabisa, kwenye mengineyo: "Wakazi walikumbushwa kutotupa taka kwenye mitaro." Watu 73 wameacha kazi zao kueleza mtoto alivyosombwa, na kilichobaki kwenye maandishi ni sisi kukemewa. Nilisoma sentensi hiyo mbele ya karani nikashindwa kusema kitu.

Wapo watakaosema diwani wetu ni mtu wa watu, anapokea simu, anasalimia. Ni kweli, anapokea simu. Sikuja hapa kumtukana, na sijamwomba atoe hela mfukoni. Hilo nalo tuambizane, maana wakazi tuna kosa letu: tukimwona diwani tunamwomba michango, akitoa tunamsifu, na hakuna anayemuuliza kata yetu imepeleka vipaumbele gani kwenye bajeti. Diwani hakai na fungu la fedha nyumbani kwake. Nguvu yake ni kusema kwenye baraza, kupiga kura, kuwahoji watendaji, na kuhakikisha jambo la wakazi limeingia kwenye orodha kabla bajeti haijafungwa. Bajeti ina msimu wake. Jambo ambalo halikuandikwa kabla ya msimu kuisha linasubiri mwaka mwingine, hata kama liliahidiwa mbele ya watu elfu. Sisi tuliwahi msimu. Tuliwahi kabisa, na nafasi yetu ikajazwa viti.

Kuna anayeniambia eti wananchi wa kawaida hawawezi kupanga miradi, ni mambo ya kitaalamu. Jiji la Porto Alegre kule Brazil lilianza mwaka 1989 kuwakutanisha wakazi kila eneo, wakataja wenyewe kipi kianze na kuchagua wawakilishi wa kufuatilia. Maji safi na mifereji ya maji taka vilikuwa miongoni mwa mambo ambayo watu wa maeneo ya pembezoni waliyapigania humo. Mwaka 2009, Chicago, diwani wa kata ya 49 aitwaye Joe Moore aliweka mezani zaidi ya dola milioni moja, fedha ambazo madiwani wa jiji lile hupewa kila mwaka kwa miundombinu ya kata, akawaachia wakazi wapige kura zitumike wapi. Angeweza kuamua peke yake, sheria ilimruhusu. Sisi hata kura hatujaomba. Tumeomba tulichokisema kiandikwe kama tulivyokisema.

Nini kinaendelea sasa. Tumeandika barua, nakala mbili. Moja tumeacha, nyingine tumerudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe (wakuu, msikubali kamwe kuacha barua bila kugongewa nakala yenu). Tunadai muhtasari urekebishwe, majina yetu 73 yaondolewe kwenye jalada la viti, na tupewe jibu la maandishi kuhusu kalavati: ndiyo au hapana, na kama ni hapana, kwa sababu gani. Hata hapana tutaipokea, maana hapana iliyoandikwa tunaweza kuipeleka mbele. "Nimelichukua" hatuna pa kuipeleka.

Diwani amenipigia simu baada ya barua. Akasema angependa tuyamalize kifamilia, kwa nini nimeandika wakati namba yake ninayo. Nilimwambia, mheshimiwa, tumeyaongea kifamilia mara nne. Akanyamaza, kisha akaniambia kuna kikao kingine karibuni na nisikose.

Sitakosa. Tumekubaliana na wenzangu kwamba muhtasari utaandikwa pale pale, usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa kinachotaja ajenda, juu kabisa, kabla mtu wa kwanza hajasaini. Kikikosekana, kila mmoja wetu ataandika mbele ya jina lake kwa mkono wake: "Nimehudhuria kikao cha kalavati. Sijaridhia mradi wowote."

Ninachoomba kwenu: kama kuna aliyewahi kufanikiwa kuondoa sahihi za wakazi kwenye jalada la mradi, alianzia ofisi gani, na barua aliiandikaje? Mvua haziko mbali.