Nimeitwa kutoka stoo kwenda manunuzi kiwandani. Niikubali nafasi hii?

Mtunza Leja

Wakuu, habari za kazi. Nina miaka 4 kwenye stoo ya malighafi, kiwanda cha sabuni ya maji. Kupokea mizigo, kuhesabu, kujaza bini kadi (kadi za kuandika mali inayoingia na kutoka), kutoa mali kwa zamu, hayo yote nimeyazoea. Wiki iliyopita meneja kaniita akasema nafasi ya afisa manunuzi msaidizi iko wazi na ananitaka mimi. Nimefurahi, lakini usingizi umeruka. Mimi si mtu wa maneno mengi, kubishana bei sijui. Wenzangu wa ofisi ile wana shahada, mimi nina stashahada ya uhasibu. Mtu wa namna yangu ataiweza kazi hii? Na nisome cheti gani?

Mpanga Zamu

Kubali. Mimi napanga uzalishaji, na maafisa manunuzi ninaowaelewa haraka ni wale waliopitia stoo. Nikimwambia mmoja wao kwamba vifuniko vimeingia na ukungu, haniulizi ukungu unahusu nini. Anauliza ni vya mzigo upi, na tayari anainuka kwenda kuviona.

Mama Malighafi

Mdogo wangu, huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye manunuzi ya viwandani. Nianze na bei, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Mwaka wangu wa tatu nilibadilisha gundi ya kufungia katoni. Muuzaji mpya alikuwa chini kwa asilimia 6. Nikaomba sampuli, tukaijaribu mezani, ikashika vizuri kabisa, nikasaini oda. Mzigo ulipoingia kwenye mashine, katoni zikawa zinafika mwisho wa mkanda midomo wazi, moja baada ya nyingine. Niliokota moja, gundi bado ina uvuguvugu, inavutika kama uzi. Kumbe ilihitaji sekunde chache zaidi ili ishike, na mashine haina sekunde hizo. Mezani tulikuwa tumeibana kwa mkono, bila haraka. Laini ililala zamu 2, watu wakafunga katoni kwa utepe mpaka vidole vikachubuka, na ule unafuu wote ukaishia hapo. Tangu siku hiyo sampuli yangu hupimwa kwenye mashine, kwa kasi ya kawaida, na opereta anasaini kabla yangu.

Kwa hiyo usijione mdogo kwa sababu hujui kubishana. Siku yangu kwa sehemu kubwa ni kufuatilia: oda imethibitishwa? Mzigo umepakiwa? Ankara inalingana na oda na hati ya kupokelea, au kuna gunia 12 zilizolipiwa na hazikufika? Hayo wewe umeyafanya miaka 4, ila ulikuwa upande wa pili wa mlango.

Nikuonyeshe ulicho nacho. Chukua malighafi inayotumika kilo 400 kwa siku. Muuzaji anasema siku 35 tangu oda hadi mzigo kufika. Unaongeza akiba ya tahadhari ya siku 6. Siku 41 mara 400 ni kilo 16,400, na salio likigusa hapo oda itoke siku hiyo hiyo. Sasa nenda kwenye mafaili yako, linganisha tarehe za oda na tarehe za kupokea kwa mizigo 10 ya mwisho. Ukikuta mara 3 ilichukua siku 44, ujue hesabu ile inaacha kiwanda siku 3 bila malighafi. Walio ofisini wanaisoma 35 iliyoandikwa na muuzaji. Wewe ulikuwa mlangoni lori lilipofika.

Na wauzaji waheshimu, walipwe kwa wakati. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota. Toyota haikuwa na akiba ya kutosha hata kwa siku chache, viwanda vyake vikasimama. Walioiokoa Toyota ni wauzaji wengine, waliochukua michoro na kuanza kuchonga vali hizo kwa mashine walizokuwa nazo. Mmoja wao alikuwa mtengenezaji wa cherehani. Nikiwa na ankara ya mtu nimeikalia miezi 3, siwezi kumpigia simu usiku nikitegemea aniinukie.

Kontena 40

Naongezea vyeti. CIPS, cha taasisi ya Uingereza ya manunuzi na ugavi, kimelenga manunuzi hasa. CPIM inakwenda kwenye mipango ya uzalishaji na akiba, CSCP inachukua mnyororo mzima wa ugavi. Hizi mbili ni za ASCM, chama cha Marekani cha watu wa ugavi, ambacho zamani kiliitwa APICS. Kwa kiwandani ningeanza na CPIM, ila kaa kwenye kiti kwanza miezi kadhaa, utasoma ukijua unatafuta nini.

Kabla ya vyote hivyo jifunze Incoterms, yaani masharti ya kimataifa yanayosema nani analipa nini na nani anabeba hatari ya mzigo, toleo la 2020. Nimewaona watu wazima wakidhani ukinunua CIF, yaani bei yenye bima na nauli ya meli ndani yake, basi mzigo uko mikononi mwa muuzaji mpaka bandari yako. Muuzaji analipa nauli na bima, sawa, lakini hatari inahamia kwako mzigo ukishapakiwa melini kule unakotoka, kama ilivyo kwa FOB, ambapo nauli ya meli unailipa mwenyewe. Ukiharibika baharini, wewe ndiye unayedai bima.

Na hapa natofautiana kidogo na dada. Bei ni kazi, tena kubwa, ila haihitaji kelele. Mwombe muuzaji akuchambulie bei yake: malighafi kiasi gani, umeme, kazi, usafiri, faida. Halafu nyamaza, msubiri ajieleze. Mtu asiye na maneno mengi hapo yuko nyumbani.

Mtunza Leja

Asanteni sana. Dada, nimefanya ulivyosema, nimeanza na vifuniko. Ahadi ni siku 21. Katika mizigo 10 ya mwisho, 4 ilipita siku 28. Nilikuwepo yote, nikaipokea kwa mkono wangu, na sikuwahi kuziweka tarehe hizi pamoja. Nizipeleke kwa meneja kabla sijaanza, au nisubiri?

Mama Malighafi

Zipeleke kesho, ila leo fanya jambo moja zaidi. Kwa ile mizigo 4, angalia stoo iliomba lini, na oda ilisainiwa na kutumwa lini. Ukikuta karatasi ililala wiki nzima mezani kwetu, muuzaji hana kosa. Tenganisha siku zake na siku zetu katika safu mbili, ndipo uingie kwa meneja.