Viinitete vya samaki pundamilia: kontroli zinakufa, DCA haiui

Kisima24: Wakuu, naomba msaada. Napima sumu ya klopirifosi (dawa ya kuua wadudu) kwa viinitete vya samaki pundamilia, utaratibu wa OECD 236 (mwongozo wa kimataifa wa kupima sumu kwa viinitete vya samaki), saa 96. Sahani za plastiki za visima 24, mililita 2 kila kisima, kiyeyushi DMSO asilimia 0.1, kiatamizi nyuzi 24. Kontroli ya maji matupu: vimekufa 3 kati ya 24, vyote kabla ya saa 24. Kontroli chanya (sumu inayojulikana, ya kuhakikisha jaribio linafanya kazi), yaani 3,4-dikloroanilini (DCA) miligramu 4 kwa lita, imeua 4 tu kati ya 20. Tatizo liko wapi? Na mayai ya kambale yanafaa badala yake? Huku ndiyo rahisi kupata.

Pipeti: Mkuu, jaribio hilo halihesabiki. Kontroli ya maji lazima ibakize hai asilimia 90, yako ni 87.5. DCA iue angalau asilimia 30, yako ni 20.

Vifo vya mapema hivyo, shuku mayai kwanza. Yai lisilorutubishwa nalo huganda na kuwa jeupe, ukalihesabu kama kifo. Urutubishaji ukiwa chini ya asilimia 70, mwaga kundi zima. Mayai yatumbukize kwenye myeyusho wa jaribio ndani ya saa moja na nusu tangu kurutubishwa, kisha chagua kwa hadubini, seli zikiwa 16 hivi na zimegawanyika sawasawa. Mpaka saa ya 3 yote yawe visimani. Kama maji ni ya bomba, angalia pia klorini na shaba.

DCA nayo: joto liwe 26, kuzidi au kupungua nyuzi 1 tu. Kwenye 24 ukuaji unachelewa, kwa hiyo saa 96 zako si saa 96 za utaratibu. Halafu DCA haiyeyuki upesi, ikoroge vizuri kabla ya kupima ujazo.

Mama Hadubini: Naongeza la plastiki. Klopirifosi hupenda mafuta kuliko maji, hung'ang'ania kuta za kisima, kiinitete kikapata kidogo kuliko ulichoandika. Tumia glasi. Ukikosa, loweka sahani saa 24 kwa myeyusho uleule, mwaga, jaza mpya, badilisha kila siku, na upime ukolezi halisi mwanzo na mwisho. DMSO ishushe hadi asilimia 0.01 na uweke kontroli yake peke yake.

Pipeti: Hapo kwenye DMSO nilipitiwa, asante.

Mto_Chini: Hata ukirekebisha yote, soma LC50 (ukolezi unaoua nusu yao) ya klopirifosi kwa tahadhari. Sumu za jamii hii hushika kimeng'enya cha neva, na samaki mkubwa huishia kushindwa kupumua. Kiinitete hupumua kwa ngozi, kwa hiyo kinaweza kustahimili dozi inayoua samaki. Usiandike "salama" kwa sababu hakikufa. Andika pia mitetemo, uvimbe wa moyo na kama kinashtuka kikiguswa.

Kambale hapana. Mayai yake hunata na huanguliwa baada ya siku moja hivi kwenye joto la nyuzi 28. Dalili nne za kifo (yai kuganda, kukosa pingili za mwili, mkia kutobanduka kwenye kiini cha yai, moyo kutopiga) zimepangwa kwa ratiba ya pundamilia. Kwa kambale, saa nyingi kati ya hizo 96 utakuwa unapima vifaranga, na kufikia siku ya tatu kiini kinaelekea kwisha, wanataka chakula. Hapo njaa na sumu hutazitenganisha.