Levin AE111 imekufa nguvu, nianze wapi kuiamsha injini?

Kijana_wa_Barani

Salaam aleikum wadau, habari za jioni. Nna Toyota Levin AE111 ya 1998, toleo la BZ-R ya gia sita, injini 4A-GE blaktopu (ya kifuniko cheusi) ile ya valvu 20. Nimeichukua kwa jamaa wa Mombasa alikua ameiegesha tu nyumbani inaota kutu. Bodi nishaishughulikia, shida yangu saa hii ni nguvu. Kwa makaratasi ilitoka Japani na hosipawa 165 kwenye mizunguko 7800 kwa dakika lakini hii yangu nikitaka kupita yale malori ya chumvi ya Gongoni inafikiria kwanza, chini ya 5000 uvivu mtupu, huko juu inalia sana ela haiendi, alafu petroli inabugia vibaya mno.

Fundi mmoja ameniambia tuondoe boksi la hewa tuweke filta ya wazi na ekzosi bomba la inchi tatu. Mwengine ananiletea habari za turbo. Pesa ipo kidogo, sio ya kuchezea, ndio nauliza kwa anaejua hizi gari, hatua ya kwanza ni gani? Natembelea hapahapa Malindi, Watamu wikendi, Mombasa mara mojamoja. Oili nimebadilisha. Joto haina shida, geji haifiki hata nusu, kwa hilo nashukuru manake na jua la huku nlikua naogopa.

TurboTu

weka turbo maliza maneno, hio injini ya cc 1600 bila turbo utalia na matatu za Kilifi kila siku 😂

Mzee_wa_Spana

Mwanangu, huyo wa turbo mwache kwanza. Blaktopu kompreshen yake, yaani vile pistoni inavyobana hewa, ni 11 kwa 1, ukiisukumia hewa ya turbo bila kubadilisha pistoni na kompyuta, na petroli yetu hii, hizo pistoni utazitoa vipandevipande.

Mie nimesoma maneno yako yote nikasimama pale uliposema geji haifiki nusu na ukashukuru. Hapo ndipo ugonjwa ulipo au angalau nusu yake. Injini yenye afya ikishapata moto geji yakaa karibu na nusu na haitoki hapo, iwe uko Malindi au Limuru. Ikikaa chini hivyo basi kuna mtu ametoa thermostati, ile valvu inayozuia maji yasiende redieta mpaka injini ipate moto. Huku Pwani ni mchezo wa kila siku, gari ikichemka mara moja tu fundi anang'oa thermostati, anaunga feni moja kwa moja izunguke tangu unawasha mpaka unazima, mteja anafurahi geji iko chini. Sasa kompyuta ya gari inaona maji baridi, inadhani ndio kwanza imewashwa asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi ya kupashia injini, plagi zinakua nyeusi, nguvu inapotea na tangi linaisha. Na oili nayo haipati moto wake, silinda zinalika. Yako inafunguka kwenye digrii 82, nunua mpya na gasketi yake, ni kitu cha bei ndogo kuliko hio filta unayoambiwa.

Ukishaweka ukaona bado inakunywa, jua sensa za joto la maji ni mbili. Ya waya mmoja ni ya geji, ya waya mbili ni ya kompyuta. Watu wanabadilisha ya geji wanashangaa mbona gari ni ileile.

Na mwaga hayo maji yalokuamo. Kama mtu alikua anajaza maji ya kisima, visima vyetu unavijua, chumvi na chokaa, redieta itakua imeziba ndani, na hio ndio huenda ilichemsha gari mwanzo wakakimbilia kung'oa thermostati. Tia kulanti na maji ya kununua ya betri. Usirudishe thermostati kabla ya kuosha redieta, utachemsha gari uje unilaumu.

Alafu kabla hujanunua kitu chochote cha kuongeza nguvu pima kompreshen. Injini moto, plagi zote nje, kata petroli, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Usitafute namba kubwa, tafuta zikaribiane, tofauti kati ya ya juu na ya chini isipite asilimia 10 hivi. Ikiwepo iliyo chini tia kijiko cha oili kwa tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Injini ilochoka haitiwi vipodozi.

Levin_Maweni

Mzee kamaliza kazi mie naongezea tu upande wa hewa na moto.

Kaka hilo boksi la hewa USILITOE. Najua sauti ya zile tarumbeta nne za kuvuta hewa zikiwa wazi ni tamu wallahi, lakini fikiria, hewa ya nje hapa tuseme 30, chini ya boneti gari ikitambaa pale sokoni inafika 60 bila taabu, hewa hio imepanuka, karibu asilimia 9 ya oksijeni umeiacha nje kwa ajili ya kelele. Na mchanga je? Nenda Mambrui siku ya kaskazi ukirudi pitisha kidole hapo ndani. Hii injini kila silinda ina throto (mlango wa hewa) yake, mchanga ukipita ni moja kwa moja kwa valvu. Boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi, na lile bomba linalovuta hewa ya mbele liwepo, wengi limeshavunjika wakalitupa.

Hizo throto nne ndio utamu wa blaktopu na ndio maudhi yake pia. Gari ilokaa sana zinajaa masizi, kila moja inafunguka kivyake. Zisafishwe kwa dawa yake alafu zisawazishwe kwa geji za vakyumu zote nne zivute sawa, fundi wa pikipiki kubwa anaweza hio kazi kuliko wengi wa magari. Angalia na mipira midogo ya vakyumu, joto limeikausha, na hii blaktopu haina ule mlango wa kupima hewa wa silvatopu, injini ya kabla yake, hii inasoma presha, kwahio mpira mmoja ukipasuka kompyuta inadanganywa yote.

Taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche: kuna kisanduku chini ya boneti, unganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, injini ikiwa moto, piga taa ya taiming, isome digrii 10. Wengi wanairudisha nyuma ili isigonge na petroli ya kawaida, uvivu wako wa chini ya 5000 unaweza kua hapo. Au ni VVT, mtambo wa kubadilisha wakati valvu zinapofunguka, ile inasukumwa na presha ya oili, nozeli yake ikiziba ama waya ukikatika, huko katikati ya mizunguko hakuna kitu. Jaza petroli ya daraja la juu pia, sio kwamba inaongeza nguvu yenyewe, ni vile injini ya 11 kwa 1 ikisikia kugonga kompyuta inarudisha moto nyuma kimyakimya.

Na waya za ethi, zile zinazounga betri na injini kwa bodi! Hapa tuko na hewa ya bahari, fungua kila moja utakuta kijani. Kwarua, funga, paka grisi. Bei yake ni jasho tu. Plagi nunua kwa mtu unaemwamini, feki zimejaa. Taiming belti kama hujui ilibadilishwa lini ibadilishe, kilomita 100,000 ndio mwisho wake.

Kijana_wa_Barani

Aisee Mzee shikamoo 🙏 nimefungua leo, thermostati HAIMO. Na feni imeungwa moja kwa moja vilevile ulivosema. Maji yalotoka ni rangi ya chai ya maziwa. Kompreshen zote nne zimekaribiana alhamdulillahi. Taiming tumeikuta digrii 4!! Tumeipeleka 10, nimezunguka mpaka daraja la Sabaki na kurudi, si ile gari tena, hata kabla ya thermostati kufika. Redieta iko kwa fundi inaoshwa. Sasa ekzosi vipi, niache?

Mzee_wa_Spana

Marahaba mwanangu. Ukisikia inagonga sasa na petroli ya kawaida punguza mguu mpaka utie ile nzuri.

Ekzosi inchi tatu kwa 1600 isiyo na turbo ni kelele, moshi unapoteza mwendo na toki (nguvu ya kuvuta) ya chini inakufa, na wewe tayari unalalamika ya chini. Inchi 2 au 2 na robo yatosha, hedas (mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini) za kiwandani acha, Toyota hapo hawakufanya ubahili. Mie pesa ilobaki ningeweka breki na matairi, hayo ulonayo yana mwaka gani?

Levin_Maweni

Kama lile bomba la hewa ya mbele huna nambie, nnalo moja la gari nilolivunja, njoo Maweni baada ya Isha ulichukue.