Chile: vifo vya saratani ya kifuko cha nyongo vinapungua, mbona wanaougua wengi bado hawafikishi miaka 5?

Mwanafunzi_Takwimu aliuliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Ninasomea afya ya jamii, na katika zoezi la darasani nimepangiwa nchi ya Chile, ambayo kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi duniani vitokanavyo na saratani ya kifuko cha nyongo, hasa kwa wanawake. Kinachonitatiza ni kwamba tangu miaka ya 2000 kiwango cha vifo, kikishasawazishwa kwa umri, kimekuwa kikishuka, ilhali wagonjwa wanaokuwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa bado ni wachache. Katika rasimu yangu niliandika kwamba vifo vimepungua kwa sababu matibabu yameboreka, na kwamba sifa ziende kwa mpango wa serikali wa kuwatoa watu vifuko vyenye vijiwe, ambavyo huongeza hatari ya saratani hii. Mwalimu amezipigia mstari mwekundu hoja zote mbili bila kueleza neno. Vifo vinawezaje kupungua bila wagonjwa kupona? Naomba kuelimishwa.

Kalamu_ya_Sajili alijibu:

Ndugu Mwanafunzi, mwalimu wako hakukosea. Umechanganya hesabu mbili zenye vigawanyo tofauti. Kiwango cha vifo hugawanywa kwa wananchi wote, wazima na wagonjwa, wakati uwiano wa wanaoishi miaka 5 hugawanywa kwa wale tu waliokwisha kuugua. Mwanamke aliyetolewa kifuko chake akiwa na miaka 40 kwa sababu ya vijiwe hawezi tena kupata saratani hii, kwa hiyo anapunguza kiwango cha vifo cha taifa, lakini katika hesabu ya wanaopona hayumo kabisa, kwa kuwa hakuwahi kuwa mgonjwa wa saratani. Vifo basi vinaweza kushuka kwa nusu nzima huku kila anayeugua akifa kama walivyokufa waliomtangulia.

Chile yenyewe ilishapitia jambo hili kinyumenyume. Katika miaka ya 1980 upasuaji wa kutoa kifuko ulipungua nchini humo na vifo vya saratani hii vikapanda, na watafiti wa huko waliyahusisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo hoja kwamba upasuaji unazuia vifo ina msingi. Sidhani kuwa mwalimu alikuwa anaikataa hiyo. Nadhani alikuwa anakataa tarehe zako.

Hebu tuhesabu pamoja. Dhamana ya serikali, chini ya mfumo unaoitwa AUGE, ilianza kugharimia upasuaji wa kinga mwaka 2006 kwa watu wenye vijiwe walio na umri wa miaka 35 hadi 49. Saratani hii huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60. Aliyekuwa na miaka 35 mwaka 2006 atafika 60 mwaka 2031, na hata yule wa miaka 49 alifika 60 mwaka 2017. Mpango huo basi hauwezi kuwa ndio ulioanzisha mteremko uliokwisha kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kilichotangulia ni upasuaji wa kawaida, uliorahisishwa na ujio wa upasuaji wa matundu madogo kuanzia miaka ya 1990.

Angalia pia jedwali lako limehesabu nini. Kifuko cha nyongo kina alama C23 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, na sehemu nyingine za njia ya nyongo zina C24. Wapo wanaozijumlisha, na ukilinganisha jumla hiyo na C23 pekee utapata mwelekeo ambao haupo.

Daktari_wa_Tumbo alijibu:

Naongezea upande wa wodini, kwa sababu swali la kwa nini wachache wanapona halijibiwi na vigawanyo peke yake.

Ukuta wa kifuko cha nyongo ni mwembamba na unakosa moja ya tabaka zilizomo katika ukuta wa utumbo. Upande unaogusana na ini hauna hata utando wa nje. Saratani ikishavuka msuli wake inakuwa jirani na ini na mitoki. Dalili nazo zinachelewa, au zinafanana na maumivu ya vijiwe ambayo mgonjwa ameyazoea kwa miaka mingi, hivyo anapokuja ana macho ya manjano na amekonda, mara nyingi upasuaji umeshapitwa na wakati. Kwa takwimu za Marekani, ambazo ni pana, mgonjwa ambaye saratani yake haijatoka ndani ya kifuko ana takriban nafasi mbili kati ya tatu za kuwa hai baada ya miaka 5; ikishasambaa mbali, ni takriban watu 3 kwa kila 100.

Dawa hazijabadilisha picha hiyo kwa kiasi kikubwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lililounganisha gemusitabini na sisiplatini kwa wenye saratani za njia ya nyongo zilizokwisha kuenea, lilipandisha muda wa kati wa kuishi (ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka) kutoka miezi 8.1 hadi 11.7. Miezi hiyo ina thamani kubwa kwa mgonjwa na familia yake, lakini ukipima kwa kipimo cha miaka 5 haionekani.

Wanaopona wengi ni wale ambao hakuna aliyejua kuwa wana saratani: wametolewa kifuko kwa ajili ya vijiwe, na mtaalamu wa patholojia akaikuta ikiwa bado kwenye utando wa ndani, hatua ambayo kutolewa kwa kifuko tu hutosha kwa karibu wote. Hospitali isiyopeleka kila kifuko maabara haitawaona wagonjwa hao, na takwimu zake za kupona zitakuwa mbaya kuliko hali halisi. Nimeona vifuko vikitupwa baada ya upasuaji kwa hoja kwamba "ni vijiwe tu". Siutaji mji.

Mchanganuzi_wa_Pwani alijibu:

Nawaunga mkono wote wawili, ila mnazungumza kana kwamba Chile ni kijiji kimoja. Mzigo huu uko zaidi kusini, katika maeneo kama Araucanía na Los Ríos, wanakoishi wengi wa Wamapuche, wenyeji wa asili wa huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta vijiwe vya nyongo kwa takriban asilimia 35 ya Wamapuche waliopimwa, dhidi ya asilimia 27 hivi ya Wachile wenye asili ya Kihispania. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kila asilimia 1 ya ziada ya asili ya Kimapuche katika vinasaba vya mtu iliambatana na ongezeko la asilimia 3.7 la hatari ya kufa kwa saratani hii.

Hata hivyo, Ndugu Mwanafunzi, usikimbilie kuandika kuwa ni damu yao tu. Wapo watafiti waliohusisha saratani hii nchini Chile na sumukuvu, ile ya aflatoksini tunayoijua sisi kwenye mahindi na karanga. Tena anayesubiri upasuaji kwa miaka, akiwa mbali na hospitali kubwa, hubaki na vijiwe vyake hata kama sheria imempa haki ya kutolewa.

Mwanafunzi_Takwimu alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeiandika upya hivi: "Kupungua kwa vifo kunaelezeka zaidi kwa watu wachache kuugua, kutokana na mpango wa upasuaji wa vijiwe, kuliko kwa wagonjwa wengi kupona." Je, inafaa?

Kalamu_ya_Sajili alijibu:

Toa neno "mpango", uache "upasuaji wa vijiwe". Mpango ni wa 2006. Upasuaji ulikuwepo kabla yake. Na baada ya sentensi hiyo weka jedwali la wagonjwa wapya kutoka sajili ya saratani ya Valdivia, mji wa huko Los Ríos, kwa wanawake na wanaume kando kando, kwa kuwa ukisema waliougua wamepungua, mwalimu atataka kuwaona.